Kaka Tayari na Jicho la Mama

Jumapili daktari alipotuambia kwamba mama ataona, kaka yangu aliugua. Si ugonjwa wa kulazwa. Ni ule wa kutoka jasho la ghafla na kutafuta kiti. Daktari akadhani ni furaha. Akampiga bega, akamwambia, "Pole, bwana, furaha nayo ina uzito wake." Mimi niliyesimama pembeni nilijua kinachomlemea. Mama alikuwa hajaona kwa miaka saba, na kwa miaka yote saba kaka alikuwa akimtengenezea nyumba kwa mdomo.

Nyumbani tunamwita Tayari. Jina hilo hakupewa na wazazi, alijipa mwenyewe, jibu moja baada ya jingine. Mama akiuliza, "Mwanangu, lile dari la chumbani kwangu?" anajibiwa, "Tayari, mama." Kioo cha dirisha kilichovunjika? Tayari. Bomba la jikoni? Tayari tangu juzi, mama, ungesikia linavyotiririka. Kazi yake ni ukarani katika bohari la vifaa vya shule, na huko nako sifa ni hiyohiyo: hutia saini kwamba mzigo umefika salama kabla katoni haijafunguliwa. Mwaka juzi alipokea, kwa saini nzuri yenye mikia miwili, katoni thelathini za chaki. Zilipofunguliwa ulikuwa unga.

Nisimwonee, uongo wake ulikuwa na jasho ndani yake. Mama alipozidi kulalamika juu ya dari, kaka alichukua nyundo, akaenda uani, akagongagonga ubao mtupu kwa robo saa, kisha akaingia ndani anahema kama mtu aliyeshuka kutoka juu ya paa. Habari ya rangi ya ukuta ndiyo ilikuwa kali zaidi. Alinunua kopo dogo, akalifungua na kuliweka chini ya kitanda cha mama siku mbili ili harufu ienee, halafu akalifunika. Kopo lenyewe bado lipo, limekauka jiwe. Nguvu aliyoipoteza katika kudanganya angeipeleka juu ya paa, tungekuwa tunalala pakavu.

Wala msidhani mama alikuwa mjinga. Kipofu si kiziwi. Mvua ikinyesha, matone yaligonga beseni lililokaa kando ya kitanda chake, ko, ko, ko, naye akauliza ni nini hicho. Kaka akamwambia ni bomba la jirani. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Huyu jirani bomba lake linafuata mvua," akageukia ukutani akalala. Kwa hiyo habari ya dari haikuwa inanikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni picha.

Picha ya baba ilining'inia mkabala na kitanda cha mama, katika fremu ya mbao nyeusi yenye kioo. Ndiyo picha pekee aliyoiacha duniani. Baba hakupenda kupigwa picha. Alikuwa akisema uso wake bado anautumia. Alipofariki, miaka kumi sasa, kitambulisho chake kilirudishwa ofisini, ikabaki hiyo ya ukutani. Kisha, miaka mitatu iliyopita, maji ya dari lilelile lililokuwa tayari yalishuka na ukuta, yakaingia nyuma ya fremu, yakamla baba taratibu kuanzia kidevuni. Tulipokuja kugundua, nyuma ya kioo palikuwa na doa la kahawia lenye kingo, kama lile linaloachwa na kikombe cha chai mezani. Doa hilo, na sikio moja.

Mama hatukumwambia. Kila asubuhi aliamka, akapapasa ukuta mpaka kwenye fremu, akapangusa kioo kwa upindo wa nguo yake, akamsalimia mumewe. Kisha aliniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kumpeleka chooni, "Anaonekanaje leo?" Nami nikamjibu maneno mawili matatu ya kumfurahisha. Hayo ni mambo ya huruma. Huwezi kuyaweka kapu moja na uongo wa nyundo na ubao.

Sasa, Jumapili ile, kabla hatujatoka wodini, mama alimshika kaka mkono. "Kesho kutwa wananipasua jicho la kulia," akasema. "Bandeji inatoka Jumamosi asubuhi, siku hiyohiyo narudi nyumbani. Nisikilizeni vizuri. Mtu wa kwanza wa nyumbani nitakayemtazama ni mzee. Nitafumba jicho njia nzima, mtanifikisha mbele ya picha, hapo ndipo nitafumbua. Nyinyi mtangoja zamu yenu. Mmeniona miaka yote hii bila foleni."

Kaka akameza mate. "Tayari, mama," akasema.

Jumatatu akaomba ruhusa kazini, akaja na fundi. Fundi huyu mtaa mzima unamwita Dakika Mbili, kwa sababu hakuna kazi aliyoikadiria zaidi ya hapo. Dari? Dakika mbili. Paa? Dakika mbili tu, bosi, ni bati moja linacheza. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza, mmoja anasema dakika mbili, mwingine anajibu tayari, na kwa mazungumzo yao nyumba ilikuwa imeshakwisha kabla ya chai. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaka yangu alikuwa na nyufa za miaka saba na siku sita za kujenga.

Walilibomoa dari lote, likashuka na vumbi, kiota cha panya na kiatu kimoja ambacho hakuna aliyekitambua. Kaka akapanda juu ya paa kuonyesha bati lenyewe. Hapo simu ya fundi ikalia, fundi akaitikia, akabeba ngazi yake begani. "Naenda hapo nyuma mara moja," akasema, "dakika mbili." Kaka alikaa juu ya paa mpaka saa tisa alasiri. Majirani waliopita walimsalimia naye akaitikia kwa adabu, ameketi kwenye pembe ya nyumba kama kuku anayeatamia. Wifi yangu, yaani mkewe, alimrushia chupa ya maji mara mbili, ya tatu ndiyo akaidaka. Saa za kuwaona wagonjwa zikapita. Aliyempelekea mama chakula ni mimi, nikitoka shuleni na madaftari hamsini na mbili kwenye mfuko. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu na kuyapigia mstari mwekundu, na niseme kweli, naipenda.

"Na picha?" nilimwuliza kaka aliposhushwa.

"Tayari. Nina mpango."

Jumanne, mama akiwa chumba cha upasuaji, sisi tulikuwa tunagombania rangi. Kaka hakukumbuka alimdanganya mama rangi gani. Mwongo mzoefu huandika mahali. Huyu wetu alitegemea kichwa. Wifi akasema ni kijani. Kaka akasema samawati, kisha akasema labda. Mimi nilikumbuka wazi kabisa: alimwambia rangi ya maziwa, na mama akafurahi, akasema chumba kitakuwa na mwanga hata kama yeye hauoni. Basi akatumwa Dakika Mbili kununua rangi ya maziwa. Akarudi na rangi ya chungwa lililoiva. Ile ya maziwa, alisema, ilihitaji kuchanganywa, hii ilikuwa imeshachanganywa na mtu mwingine akaikataa.

"Nani aliikataa?" nikauliza.

"Sijui, mwalimu. Mtu mwenye macho."

Wakapaka hivyohivyo. Jioni chumba kilikuwa kinawaka hata taa ikiwa imezimwa.

Tulipofika hospitali tulimkuta mama amelala chali na bandeji yake, mzima, anataka kujua kwa nini kaka ananuka rangi. Kaka alibaki mdomo wazi. Miaka saba ametafuta namna ya kunuka rangi bila kupaka, na siku aliyopaka kweli hakuwa na maelezo. Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje.

Jumatano ilitakiwa dirisha lizibwe na mlango upunguzwe usikwaruze sakafu. Lakini binamu yetu mmoja alikuwa anahama nyumba siku hiyo, na miezi miwili nyuma kaka alikuwa amemwahidi. Unajua alimwahidi kwa neno gani. Saa moja asubuhi binamu alikuwa mlangoni na gari, injini inanguruma. Kaka akaenda kubeba kabati la watu huku la mama yake likiwa uani limefunikwa turubai. Alirudi alasiri amejishika kiuno, anatembea kwa upande. Huku nyuma Dakika Mbili alikuwa ameachiwa mlango peke yake, akauranda upande wa juu badala ya chini. Ukawa unakwaruza sakafu kama zamani, na juu pamebaki upenyo wa kupitisha mto wa kulalia. Kioo cha dirisha alikitia vizuri, hilo nampa.

Wifi alimwangalia mumewe akijilaza sakafuni kunyoosha mgongo. "Baba watoto," akasema, "hebu tuambie ukweli. Picha umeifanyaje?"

"Shangazi anayo nyingine. Anakuja nayo kesho."

Kidogo nimpende. Kisha akainua kichwa pale sakafuni, akaniambia, "Halafu wewe punguza kunicheka. Mimi nilimdanganya mambo ya mbao na mabati. Wewe je?"

"Mimi ulinisikia lini nimegonga ubao uani?" nikamjibu. "Kweli nyani haoni kundule."

Akarudisha kichwa chini. Nilijiona nimemshinda.

Alhamisi shangazi akaja. Huyu ni dada wa baba, mwanamke asiyesafiri bila masanduku matatu, na masanduku hayo hayabebwi na mwingine ila kaka, mgongo wake ukiwa vilevile. Alifika, akaamkiwa, akaulizia kiti chenye egemeo, akakagua rangi ya chumba cha mama, akasema, "Hii ni ya kumtibu mgonjwa au ya kumfukuza?" Tukamvumilia yote. Tulikuwa tunangoja picha.

Alipokwisha kunywa chai akafungua sanduku la pili, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha picha ya watu kumi na wanane wamesimama mbele ya ukumbi siku ya mahafali ya mtu. Tukainama wote.

"Yuko wapi?" kaka akauliza.

"Huyu hapa." Kidole cha shangazi kilitua safu ya nyuma, kwenye mwanamke mwenye kofia pana. "Yuko nyuma ya hii kofia."

"Nyuma."

"Kiwiko chake hicho. Ningekijua kiwiko cha kaka yangu popote."

Tulikitazama kiwiko. Kilikuwa kiwiko kizuri. Kaka akatoka nje. Zilibaki siku mbili, na mama alikuwa amelala hospitalini akimngoja mtu ambaye sisi tumemwacha akaozea ukutani.

Ijumaa asubuhi kaka alitoka chumbani amevaa koti la baba.

Nitaeleza mpango wake kama alivyoueleza yeye, nisije nikaambiwa natia chumvi. Yeye anafanana na baba; kila mtu husema. Umri alionao sasa ni ule aliokuwa nao baba alipopigwa picha ile. Mama hajaona uso wa mtu kwa miaka saba, na jicho lililotoka kupasuliwa haliwezi kuwa kali kiasi hicho. Kwa hiyo yeye ataenda kwa mpiga picha, atapigwa kwa koti na tai ya mzee, picha isiyo ya rangi, iloweshwe kwenye chai kidogo ionekane ya zamani, iingizwe kwenye fremu. Tayari.

"Baba alikuwa na masharubu," nikasema.

"Wifi yako ana wanja."

Nilitakiwa kukataa hapo. Badala yake nilikwenda naye, kwa sababu nilitaka kuona, na kwa sababu sikuwa na mpango mwingine. Mpiga picha hakuuliza kitu. Alisema ameshapiga watu na mbuzi wao. Koti lilimbana kaka mabegani, nikalazimika kulivuta kwa nyuma na kulibana kwa pini za nguo. Wanja nilimpaka mimi. Alikaa pale kwenye stuli, masharubu yamekaa, shingo imenyooka, na kwa nukta moja nikamwona baba kabisa, nikashtuka. Kisha akapiga chafya, sharubu moja likahamia shavuni.

Mchana Dakika Mbili aliurudisha mlango, safari hii umerandwa upande unaotakiwa, na upenyo wa juu umezibwa kwa kipande cha ubao. Nikauangalia ubao ule, nikaujua. Ndio uliokuwa ukigongwa uani. Hatimaye umepata kazi ya kweli. Dari limenyooka, paa limezibwa, bomba linafunga, kabati limerudi mahali pake. Kazi iliyoshindikana miaka saba ilikwisha kwa siku tano, nayo ni kazi iliyofanywa na mtu mwenye mgongo mbovu na fundi mwenye haraka. Hilo liliniudhi kuliko dari lenyewe. Nikatoa karatasi yenye doa kutoka kwenye fremu, nikaificha kwenye droo yangu chini ya madaftari, kaka akamwingiza baba mpya.

Jumamosi mama akashuka kwenye teksi amefumba jicho, miwani myeusi juu yake, mkono mmoja kwa kaka na mwingine kwangu. Hakutazama mlango uliorandwa wala ukuta wa chungwa. Wifi na shangazi walitufuata nyuma. Tulimfikisha mbele ya fremu. Mkono wake ulishaijua njia. Ulipangusa kioo kwa upindo wa nguo, kama kila siku, akamsalimia mumewe. Ndipo akavua miwani, akafumbua jicho.

Shangazi akaanza, "Kaka yangu huyo," wifi akamfinya.

Mama alitazama muda mrefu. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "umekuwa mtu mzima."

Kaka akarudi nyuma hatua moja.

"Mvi zimekuingia. Na koti la baba yako linakubana. Nani kakuchora haya masharubu?"

"Mama, mimi..."

"Sema tayari. Hebu sema, nikusikie."

Kaka, mtu wa miaka arobaini na tisa, akaketi kwenye kitanda cha mama yake akalia kwa sauti. Mama akamfuata, akamshika kichwa, akamtazama uso wake halisi, kwanza mbali kisha karibu. Baadaye akainua jicho kwenye dari, akalishusha ukutani. "Mliniambia maziwa," akasema. "Haya yamechacha." Wifi akacheka, na kaka naye akacheka katikati ya kamasi. "Dari nililijua," mama akaendelea. "Beseni nalisikia, ubao uani nausikia. Nikasema, potelea mbali, huyu angalau anatoka jasho kwa ajili yangu."

Nilikuwa nacheka nao mpaka jicho lile lilipohamia kwangu.

"Mzee yuko wapi?"

Nikaenda kwenye droo. Nikaleta karatasi, nikaiweka mapajani mwake. Mama akaishika kwa kingo, akaigeuza, akairudisha. Akaweka kidole kwenye sikio lililobaki.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu, mama."

"Ijumaa ya wiki iliyopita asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, nilikuuliza anaonekanaje. Uliniambiaje?"

Nilikumbuka. Nilimwambia, leo anaonekana kama anataka kucheka, kama aliyesikia kitu na anangoja akuambie. Niliipenda ile sentensi. Nilikwenda nayo shuleni nikiifurahia kama mtoto aliyepata mia kwa mia.

"Ulisema anataka kucheka," mama akasema. "Daktari alipotaja kisu mimi niliogopa, nilitaka kukataa. Nikajiambia, mwanangu mwalimu kasema mzee anataka kucheka. Acha nikamwone." Hakupandisha sauti. "Kaka yako alinidanganya nyumba. Nyumba ningeweza kuipapasa. Huyu wa nyuma ya kioo ningempapasa vipi? Nilikuwa na wewe tu."

 

Aliagiza picha ya kaka itolewe, akaitia kwenye pochi yake, akasema huyo naye anamtaka, lakini si pale. Karatasi yenye doa ikarudishwa ndani ya fremu. Kaka mwenyewe aliipachika ukutani, na alipomaliza hakusema neno lake.

Jumapili asubuhi nilikwenda chumbani kwake kwa mazoea. Alikuwa ameshaamka. Akapangusa kioo, akasalimia, kisha akageuka, jicho lake jipya likiwa juu yangu na si juu ya picha.

"Anaonekanaje leo?"

Nilitazama doa, nikatazama sikio.

"Haonekani, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Nikamnyooshea mkono nimpeleke chooni, lakini alikuwa ameshanipita, anakwenda mwenyewe.